Shubiri Moja ya Chuma

Duka la vyuma lilijaa watu pomoni. Mhandisi aliponyoosha mkono achukue boksi la mwisho la bolti, akakuta mkono mwingine umeshatangulia: wa kijana mrefu, shati la buluu limepigwa pasi likanyooka.

"Dada, bolti nene hivi unafungia meli?"

"Nafungia kingo za barabara kuu. Gari likiacha njia, zilidake. Wewe je?"

"Kitanda cha mama. Haya, chukua. Akilala chini leo, dhambi ni yako!"

Mhandisi alicheka mpaka machozi, na namba za simu zikabadilishana zenyewe. Kumbe kijana ndiye mkaguzi mpya wa uwanja wa kugongeshea magari kwa majaribio, wenzake wakimwita Bwana Futi kwa kupenda kupima. Basi wakawa wanapigiana simu mpaka masikio yanapata moto.

"Umekula, mpenzi?"

"Nangoja unipikie."

"Ngoja hivyohivyo, njaa ikufunze adabu!"

Siku ya jaribio la ukingo wake, mhandisi alivaa gauni jekundu chini ya koti la kazi. Ukingo wake ulikusudiwa kona ileile ambako kaka yake alipoteza mguu. Gari likavutwa kwa waya, sanamu la mtu likiwa kwenye usukani. Paa! Ukingo ukapinda, ukalirudisha gari njiani. Watu wakashangilia.

Bwana Futi akachungulia mlangoni mwa gari. Chuma cha ukingo kilikuwa kimepenya ndani.

"Haukupita," akasema.

"Shubiri moja tu, mpenzi! Na lile ni sanamu."

"Barabarani hatakuwa sanamu."

Hasira zikampanda mhandisi, akamzimia simu siku nyingi. Mwisho akamlalamikia kaka yake.

"Mdogo wangu," kaka akasema polepole, "unadhani chuma kilichonikata mguu kiliingia kiasi gani? Shubiri ileile."

Mhandisi alilia kwa aibu. Halafu akakaa mezani, akachora upya ncha ya ukingo ijikunje badala ya kuchoma.

Jaribio la pili, mlango ulibonyea tu. Bwana Futi akapima mara tatu.

"Umepita." Akavua kofia. "Nami nakupenda. Nataka nikuoe."

Miluzi ikalia uwanja mzima. Mhandisi akamtazama mtu huyu aliyekataa kumdanganya hata kwa shubiri, akajua hilo nalo ni kweli tupu.

"Nimekubali," akasema. "Mwambie mama bolti zake naleta mwenyewe."