Pikipiki Isiyo na Rizevu

Asubuhi kijiwe cha bodaboda karibu na soko la Ifakara kilikuwa kimechangamka. Madereva walifuta vumbi pikipiki zao, wakanywa chai na kutaniana. Remigius peke yake hakuwa na wa kutaniana naye.

Wenzake walikuwa wamemnunia. Pikipiki yake ya petroli ilikufa injini, naye akanunua ya umeme. Kijiwe kizima hakikuwa na nyingine kama hiyo.

"Jamani, Remi ameleta feni barabarani!" Teofili alisema, na wote wakaangua kicheko.

Polikarpo, mwenyekiti wa kijiwe, hakucheka.

"Remigius, bonde letu ni la maji," alisema. "Masika ikifika, umeme na maji utavipatanishaje? Na abiria akikwama porini, sote tutaitwa wababaishaji. Sasa sikia. Hiyo kitu ikikuzimikia na abiria, hata mara moja, utafute kijiwe kingine."

"Nimekuelewa, mwenyekiti," Remigius alijibu. Lakini moyoni aliogopa. Wateja wake wote walimjua pale. Akifukuzwa, mkewe Leticia na watoto watakula nini?

Mchana alikuja mama Yosefina, muuza mchele, na gunia lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipeleke Michenga."

Alama ya betri kwenye skrini ya pikipiki ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Remigius aliiona, akaipuuza. Alikuwa ameendesha ya petroli miaka mingi. Petroli ikikaribia kwisha, injini hukohoa kwanza. Hapo dereva hupeleka mkono chini ya tenki, akageuza koki kwenye rizevu, akiba ya mwisho ya mafuta, akaendelea na safari. Bodaboda wengi wa Ifakara wanaishi kwa rizevu, na wala hawaoni haya.

Pikipiki ya umeme haikukohoa. Ilipunguza mwendo, kisha ikasimama kimya katikati ya mashamba ya mpunga.

Mkono wa Remigius ukashuka wenyewe kutafuta koki. Hakuna koki. Akamshusha mama na gunia lake, akailaza pikipiki ubavu na kuitikisa, kama alivyozoea kufanya ili petroli ya mwisho iteremke.

Mama Yosefina alimtazama. "Baba, hapo unataka kiteremke nini?"

Remigius alitamani ardhi ipasuke immeze. Na kama haitoshi, Teofili akatokea na pikipiki yake ya petroli. Alimpakia mama Yosefina na gunia lake, akaondoka akitabasamu. Remigius aliisukuma pikipiki yake hadi mjini.

Jioni akaletewa ujumbe: kesho asubuhi kuna kikao kijiweni.

"Umeshamuuliza Rabia?" Leticia alimwuliza. Rabia alikuwa fundi, jirani yao, na ndiye aliyekuwa akimchajia betri.

"Bado."

"Sasa utajitetea kwa maneno gani? Nyanyuka, twende."

Rabia aliikagua pikipiki, akaiona nzima.

"Ulipoondoka, alama ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu. Nilijua kuna rizevu."

Rabia alicheka mpaka akashika kiuno, Leticia naye akamsaidia.

"Kaka Remi, hii haina rizevu. Ikifika njano, geuza uje uchaji. Ikiwa nyekundu, usipakie mtu. Na gunia zito hula chaji haraka, vilevile kuongeza mwendo kwa pupa kama ulivyozoea."

"Na maji je? Wenzangu wanasema nitapigwa shoti."

"Mota na betri zimezibwa vizuri. Mvua haina shida. Ila maji yakifika katikati ya gurudumu, usiingie. Usiioshe kwa mpira wenye presha. Na usije ukachaji nyumbani kwa nyaya za kuungaunga. Hizo ndizo huunguza nyumba."

"Nikiwaambia mimi hawatanisikia. Njoo kesho useme mwenyewe."

Kesho yake Polikarpo alifungua kikao. "Tulikubaliana. Imezima, basi."

Remigius alisimama.  "Pikipiki haina kosa. Niliondoka ikiwa nyekundu, nikitegemea rizevu ambayo haipo."

Rabia akaeleza yote, kuhusu chaji na kuhusu maji. Watu walimbana kwa maswali, naye akawajibu mmoja mmoja. Mwisho Polikarpo akakuna kidevu.

"Kwa hiyo kosa ni kumpakia abiria huku unajua chombo hakifiki."

"Ndiyo," Rabia alisema. "Na hilo mnalifanya hata ninyi wa petroli. Mama Yosefina kaniambia ameshashushwa njiani mara nyingi, hata idadi haijui."

 Teofili akatazama viatu vyake.

"Haya," Polikarpo alisema. "Remigius abaki. Lakini kuanzia leo ni sheria kwa wote. Chaji nyekundu, hupakii. Rizevu, hupakii. Hata awe nani."

Masika ikaja. Remigius alichaji kila betri ilipofika njano. Penye maji alishuka kwanza kupima kwa fimbo, yakizidi, alirudi. Hakuna abiria wake aliyekwama tena, na wa petroli nao wakaacha kusukuma pikipiki njiani. Teofili naye akaanza kuulizia bei ya ile aliyoiita feni.

Siku moja alifika abiria wa Kiberege, safari nzuri ambayo kila dereva aliitamani. Zamu ilikuwa ya Polikarpo. Abiria alishapanda, kofia ngumu kichwani. Polikarpo akapeleka mkono chini ya tenki, akagusa koki. Ilikuwa kwenye rizevu.

Madereva wote walimtazama. 

Polikarpo akazima injini.

"Shuka, ndugu yangu," alimwambia abiria. "Panda kwa Remigius. Yeye atakufikisha."