Kiti cha Karibu na Mlango

"Samahani dada, hicho ni kiti changu."

Msichana hakugeuka. Alikuwa na gauni la rangi ya damu ya mzee, viatu amevishika mkononi kwa sababu vilimchubua, na mfuko wa bisi mapajani. Jumamosi hiyo ukumbi wa sinema ulikuwa umefurika hadi watu wanakanyagana njiani.

"Viti viko mia mbili, kaka. Chagua kingine."

"Mimi hukaa karibu na mlango. Muulize yeyote hapa."

"Kwani unaogopa moto?"

"Naogopa filamu mbaya."

Msichana alicheka kabla hajajizuia. Alimtazama: koti la kijivu lililopigwa pasi likanyooka, daftari dogo mfukoni, macho ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikuwa mzuri, tusidanganyane. Akasogeza mfuko wa bisi ili kijana akae kiti cha pili.

Mkata tiketi akapita na tochi yake. "Bwana Wembe! Leo tunachinjwa au tunapona?"

Bisi zikamkwama msichana kooni.

Wembe. Huyo ndiye aliyeandika gazetini kila Ijumaa ni filamu gani iishi na ipi ife. Za kigeni alizivika taji, za vijana wa nyumbani waliojitengenezea kwa jasho lao alizichinja bila kusema bismillahi. Miezi minane nyuma alikuwa ameichinja ya msichana huyu, kazi ya miaka minne, ambayo mwigizaji wake mkuu alikuwa baba yake mzazi, fundi cherehani aliyestaafu. "Mzee huyu," aliandika Wembe, "anatembea kama mtu aliyefika chooni akakuta pamefungwa." Filamu iliondolewa baada ya siku tatu. Watu kumi na mmoja tu waliiona.

Hilo angelisamehe. Lakini baba alikata kipande kile cha gazeti, akakikunja ndani ya kibweta cha miwani, na tangu siku hiyo hakutoka tena nje ya geti. Alimuuliza binti yake swali moja tu: "Mama, kwani mimi natembeaje?"

Msichana alimeza bisi zake. Kisha akamgeukia Wembe na tabasamu tamu kuliko asali.

"Namba yako ya simu, kaka, au mpaka nayo niihakiki kwanza?"

Alimwambia kazi yake ni kuhariri video za harusi, na hilo lilikuwa kweli. Baada ya wiki mbili simu zao zilikuwa haziishi.

"Umekula, bibie?"

"Nimekula. Wewe leo umemchinja nani?"

"Vijana fulani wa hapa hapa. Kamera inatetemeka kama ina malaria."

"Uliitazama yote?"

"Mpenzi, wali ulioungua unaujua kwa kijiko kimoja."

"Na ile ya mzee fundi cherehani?"

"Ile!" Wembe alicheka. "Dakika kumi. Saa kumi kamili kulikuwa na ya kigeni ukumbi wa pili. Wenzetu wa ng'ambo wanajua kunyamaza, bibie. Sisi tunapiga kelele tu."

Alikata simu akaitupa kitandani. Kumbe hakuiona! Ndiyo maana alipenda kiti cha mlangoni. Ndiyo maana hakulijua jina lake, kwa kuwa lilikuwa limeandikwa mwishoni kabisa.

Basi akakaa kwenye kompyuta yake akaichukua filamu ile ile. Akakata na kuzitupa dakika kumi za mwanzo, zile pekee alizoziona Wembe. Maneno yalikuwa machache, akayafuta, akaweka sauti za wanafunzi watatu wa chuo cha lugha wakisema lugha ya kisiwa ambacho hata wao hawajawahi kukifikia. Akaandika tafsiri chini, akabuni mwongozaji wa kigeni na jina jipya la filamu, akampelekea shoga yake, mwendesha projekta, ili aiingize kwenye wiki ya filamu za nje.

"Shoga, utaniponza," alisema mwendesha projekta.

"Nitakuponza na utafurahi."

Ijumaa iliyofuata gazeti lilitoka. Nyota tano! "Mtazameni mzee yule anavyotembea," aliandika Wembe. "Kila hatua imebeba msiba. Waigizaji wetu wakajifunze kutembea kwanza."

Msichana alisoma akacheka hadi akalia. Shida ni kwamba jioni hiyo hiyo Wembe alifika na viatu vya msichana, vile vya siku ya kwanza. Alikuwa amevichukua kimyakimya akampelekea fundi, vikapanuliwa, na yeye mwenyewe amevivaa nyumbani siku mbili, kisigino nje, ili vilainike. Msichana alivijaribu. Havikumchubua popote. Akamtazama mwanamume yule aliyejitia malengelenge kwa ajili yake, na moyo ukamwenda mbio bila kutarajia.

"Umempenda," alisema mwendesha projekta. "Acha basi."

"Nimempenda. Baba bado hatoki getini."

Jumamosi filamu ilionyeshwa mara ya pili, na Wembe akaalikwa kuzungumza jukwaani. Ukumbi ulijaa. Aliusifu mwendo wa mzee kwa dakika kumi na tano nzima. Kwenye kiti cha karibu na mlango akasimama msichana na gauni lake la damu ya mzee.

"Bwana Wembe, ungependa kukutana na mwigizaji?"

"Bibie! Ningependa sana."

Mlango ukafunguliwa. Mzee akaingia na suti ya kahawia aliyojishonea mwenyewe, akashuka njia ya katikati polepole. Hawakuhitaji kuambiwa. Ukumbi mzima ulisimama ukapiga makofi. Msichana akafungua kibweta cha miwani cha baba yake, akakunjua kipande cha gazeti, akakisoma chote kwenye kipaza sauti, choo na kila kitu, akasema filamu ni ile ile na mzee ni baba yake. Makofi yakageuka kicheko, na aliyechekwa hakuwa mzee.

"Bibie, ungeniambia..." Wembe alinong'ona.

"Mkuki kwa nguruwe, mpenzi."

Wembe alitoka kwa mlango ule ule aliouzoea. Jumatatu mhariri wa gazeti alimnyang'anya safu yake, na siku hiyo hiyo mzee alitoka getini akaenda kunyoa.

Msichana alifurahi siku mbili. Siku ya tatu alianza kuiangalia simu. Haikulia. Alimchukia Wembe kwa kutopiga, akajichukia mwenyewe kwa kungoja.

Wiki ilipotimia, asubuhi, geti likagongwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umekuja kuandika?"

"Sina pa kuandikia, mzee wangu. Nimekuja kuitazama. Yote."

Mzee akamwekea kiti nyuma ya cherehani, kona ya mbali kabisa na mlango, akawasha filamu. Msichana alisimama amekunja mikono hadi picha ikaisha na jina lake likapita. Wembe alifuta macho.

"Mzee, nilikukosea na sina kisingizio. Niliikimbilia ya watu wa nje nikakuacha unatembea." Akafungua daftari lake. "Ila zile dakika kumi za mwanzo..."

"Mbaya?" aliuliza msichana, sauti kali.

"Mbaya sana, bibie."

Mzee alicheka hadi miwani ikamdondoka. "Nilimwambia azikate! Miaka minne namwambia!"

"Baba!"

"Na jambo la pili," alisema Wembe, "nimekuja kumposa binti yako."

Msichana akakunjua mikono.

"Jibu langu utalisoma Ijumaa."

Mhariri alikuwa mtu wa kujua kinachouza gazeti, na safu ile alikuwa amempa msichana kwa wiki moja. Ijumaa Wembe aliisoma amesimama kwenye kibanda cha magazeti, watu wakichungulia begani kwake:

"Mwanamume huyu ana mwanzo mbaya na majivuno marefu yasiyo na kazi. Katikati anapanua viatu vya mtu, na hapo nusura nilie. Nyota tatu. Nimekubali kumtazama hadi mwisho, ila kiti cha karibu na mlango nitakikalia mimi."