Maziwa ya Mbuzi Asiye na Mtoto

Mwaka wa 1966, wakati wa vita na waasi, serikali iliwakusanya wafugaji ndani ya ua wa miiba, nje ya mji wa Garissa. Askari walilinda mlango. Abdille na mkewe Sadiyo walikuwa humo. Ngamia wao walikuwa wamechukuliwa. Walibaki na mbuzi, pamoja na miti iliyopindwa ya nyumba yao, ile ambayo ngamia huibeba watu wakihama. Abdille aliifunga vizuri, akaiegemeza kibandani. Aliingoja siku ya kuondoka.

"Ngamia hatuna," mdogo wake Yarrow alimtania. "Utaibeba wewe. Mgongo si unao?"

Sadiyo alicheka mpaka akashika tumbo. Alikuwa na mimba ya kwanza, na walikuwa wameisubiri tangu harusi.

Mbuzi wa watu wengi walilala zizi moja, wamebanana. Mmoja alitupa mimba, kisha mwingine. Ikafika zamu ya mbuzi mweusi wa Abdille. Sadiyo alimsaidia kwa mikono mitupu. Kitoto kilitoka kimekufa. Kondo la nyuma aliwatupia mbwa.

Kwao, mbuzi aliyepoteza mtoto hukamuliwa kwa ajili ya mwanamke mwenye mimba. Hanyonyeshi, kwa hiyo maziwa yote ni ya mwanamke huyo. Abdille alimkamua mwenyewe, akampa mkewe maziwa yangali na joto la kiwele. Hawakuyachemsha. Watu walisema kuchemsha humkausha mbuzi. Tena kuni zilikuwa shida, maana kwenda kuzitafuta kulitaka ruhusa ya askari.

"Shemeji," alisema Yarrow, "mbuzi ameanza kukuita mwanangu."

Baadaye Sadiyo alishikwa na homa. Asubuhi ilipoa, jioni ikarudi na jasho. Viungo vikamuuma. Wakasema ni malaria. Kisha mimba ikatoka.

Alikuwa mtoto wa kiume. Abdille alimzika kando ya ua, kwa kuwa hakuruhusiwa kwenda mbali. Aliporudi, Sadiyo alimuuliza kama mtoto alikuwa na nywele.

"Nyingi," alisema Abdille.

Yarrow alikaa nje. Hakuwa na mzaha wowote.

Sugow, mhudumu wa mifugo, alikuja kuwatazama mbuzi. Alipoambiwa habari za Sadiyo, aliweka mkoba wake chini, akaketi.

"Walaal, ndugu yangu, nadhani ni bruselosi, ugonjwa wa mifugo unaoambukiza watu na kutoa mimba," alimwambia Abdille. "Inakaa katika maziwa mabichi, katika maji ya uzazi, na katika kondo la nyuma."

"Lakini mbuzi yule amenona."

"Mbuzi mwenye nayo anaweza kunona."

"Mimi ndiye niliyempa maziwa."

"Ulimpa kwa mapenzi. Sasa mpe yaliyochemka."

Sugow alieleza mengine. Mbuzi aliyetupa mimba atengwe, wala asiuzwe kwa jirani, maana ugonjwa utahamia huko. Kondo lizikwe mbali na mbwa. Anayezalisha mbuzi asishike kwa mikono mitupu, na akimaliza anawe kwa sabuni. Sadiyo apelekwe hospitali akapimwe damu, na dawa azimalize zote, hata akijisikia nafuu.

Abdille aliuliza kuni atazipata wapi. Sugow aliutazama ua na askari mlangoni, akachukua mkoba wake.

Jioni hiyo Abdille alifungua kamba ya ile miti. Akauvunja mmoja kwa goti.

"Tutahamaje?" aliuliza Sadiyo.

"Kwanza tupone."

Maziwa yakapanda, yakachemka.

Kwa ruhusa ya askari Sadiyo alipelekwa hospitali, akatumia dawa kwa wiki nyingi mpaka akapona. Mbuzi waliotupa mimba walitengwa. Mvua iliyofuata, waliobaki walizaa vitoto hai. Hatimaye Sadiyo naye akajifungua binti, wakamwita Nimo. Kati ya ile miti ulikuwa umebaki mmoja.

Yarrow alimpakata mtoto, akamtazama sana. "Huyu amekula nyumba nzima," alisema, "na bado analia njaa."

Sadiyo alicheka. Kisha akatazama kando ya ua, penye kaburi dogo. Sufuria ilikuwa mekoni, na maziwa hayajachemka. Akauvunja mti wa mwisho, akausukuma motoni.