Hatua ya Uongo Katika Neno "Meneja"

Kila siku kabla ya shule, Bochaberi humsaidia mama yake kuchuma majani chai katika shamba lao karibu na Litein. Asubuhi hiyo mikono ilikataa kazi. Saa nne angesimama mbele ya waamuzi wa mashindano ya shule mjini kueleza asili ya neno "meneja", na alikuwa amedanganya.

Kamusi ilieleza vizuri. Waingereza walilichukua neno kwa Waitaliano, waliolitumia kwa kuongoza farasi. Nao Waitaliano walilitoa katika Kilatini, "manus", yaani mkono. Lakini chati za shule nyingine, zilizoonyesha safari ya maneno yao, zilikuwa na hatua nyingi kuliko yake. Basi Bochaberi akapachika hatua ya Wanormani, watu waliosema Kifaransa na kutawala Uingereza zamani. Neno la hatua hiyo alilitunga tu. Jana Mwalimu Eddah alitangaza kwamba shule itakayopatikana na uongo itafungiwa nje ya mashindano miaka mitatu.

"Wachana nayo," rafiki yake Janeffer alimwambia. "Nani huko Litein anajua hiyo Kifaransa?"

Hilo halikumtuliza. Tangu jana aliomba augue ili asiende.

Katika kituo cha kuuzia chai, mama alimwaga majani kwenye turubai kabla ya karani kuyapima. Akaanza kutoa majani magumu yaliyokomaa, konzi baada ya konzi.

"Leo umechuma nini? Ulitaka kikapu ijae tu? Karani akiona hii, anakataa yote, hata ile mzuri."

Bochaberi akaangua kilio, akasema yote.

"Enda uambie mwalimu," mama alisema. "Saa hii."

Mwalimu Eddah alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akakunjua chati, akampa makasi. "Kata mwenyewe."

"Madam, tutaenda na chati iko na shimo?"

"Tutaenda hivyo."

Mwamuzi alilitazama lile shimo. "Hapa palikuwa na nini?"

"Neno nililotunga," Bochaberi alijibu. "Nimelitoa. Kwenye kamusi halimo."

Shule yao ilikuwa ya nne. Hawakufungiwa.

Njiani kurudi, Bochaberi hakuinua uso. "Nimewaangusha, Madam."

"Kutojua si aibu," Mwalimu Eddah alisema. "Hata wasomi wakikosa jibu, huandika hawajui. Lakini ukijaza uongo, mtoto mwingine atausoma, aamini, amfundishe mwenzake. Uongo wako umeishia kwako. Shukuru Mungu."