Kuonja Tu

Baba alikuwa fundi friji. Kila Jumapili mchana alikaa sebuleni na bia yake, miguu juu ya stuli. Binti yake wa miaka kumi na sita, waliyemwita Kidoti, alimletea glasi.

"Onja kidogo, mwanangu," baba alimwambia. "Ukizoea nyumbani, huko nje hawatakudanganya."

"Baba Kidoti, unamharibu mtoto," mama alisema.

"Kuonja tu. Kwani nimempa kreti zima?"

Wote wakacheka, hata mama.

Mwezi uliofuata jirani alifanya sherehe. Kidoti alikwenda na Kicheko, mtoto wa mama yake mkubwa. Walikuwa kama mapacha: darasa moja, magauni ya kitambaa kimoja. Vijana walikuwa wametia pombe kali kwenye chupa za soda. Wasichana wote wawili wakanywa. Kicheko akamtania mwenzake jinsi anavyocheza. Siku nyingine Kidoti angecheka. Siku hiyo alimrushia glasi usoni.

Hospitalini, daktari alitoka chumba cha upasuaji akitikisa kichwa. Jicho la kushoto la Kicheko lilikuwa limeharibika kabisa.

Mama mkubwa hakupiga kelele. Alimwambia mdogo wake, "Nenda nyumbani kwako. Usinishike."

Muuguzi mmoja aliwakuta wazazi wa Kidoti kwenye korido.

"Binti yetu si mkorofi, sista," baba alisema. "Hajawahi kumpiga hata paka."

"Nakuamini, mzee. Lakini pombe inalegeza breki za ubongo, na breki za kijana bado hazijakomaa. Utani anausikia kama tusi. Mkono unatangulia, akili inafuata."

"Mimi nilimwonjesha nyumbani ili ajifunze kujizuia."

"Alichojifunza ni kwamba pombe ni kitu cha kawaida. Kwa umri wake hakuna kiasi salama. Msimpe, na msinywe mbele yake. Mleteni kwa mshauri wa vijana. Na yeye ameumia moyoni, msimwache peke yake."

Baba aliegemea ukuta, akalia kwa sauti.

Siku hizi bia haiingii nyumbani. Kidoti anakwenda kwa mshauri kila wiki, na pombe hajaigusa tena. Lakini kesi bado iko polisi. Mama akimpigia simu dada yake, simu inaita mpaka inakatika.

Mitihani ilipokaribia, jicho moja lililobaki la Kicheko lilikuwa likichoka upesi kwa kusoma. Kidoti alikwenda kwao, akasimama mlangoni na vitabu. Mama mkubwa alimpisha bila kumsalimia. Kidoti akaketi sakafuni, akaanza kumsomea. Kicheko alilala kitandani ameelekea ukutani. Ikawa hivyo siku nyingi.

Jana, katikati ya somo la jiografia, sauti ilitoka kitandani.

"Rudia hapo. Umesoma haraka."

Kidoti alirudia. Machozi yalilowesha ukurasa, lakini hakuacha kusoma.