Aliyekaribishwa Mabanga

Ilianza Jumanne, tarehe kumi na tatu Mei 2025, saa tisa na dakika ishirini alasiri, katika nyumba ya kukodi huko Mabanga, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Phelista aliutazama mlango uliokuwa wazi, akatabasamu, akasema, "Karibu ndani, mgeni wangu." Mlangoni hapakuwa na mtu.

Hapakuwa na mtu kwa sababu Ngige alitaka hivyo. Mwigizaji aliyepaswa kubisha hodi alikuwa ameambiwa abaki nyumbani siku hiyo. "Hodi ni hodi tu," Ngige alisema. "Tutaiweka baadaye kwa kompyuta. Kwani nani atajua?" Ngige alikuwa ndiye prodyuza. Alikuwa mmoja wa wanaume wanaobeba simu tatu na ambao hawajawahi kubeba taa hata moja, na alikuwa amekalia kiti pekee kizuri cha nyumba ile, akimenya njugu wakati wengine wanahitaji kimya.

Kazi yenyewe ilifanywa na wanawake watatu. Phelista aliigiza mjane anayemngoja mgeni. Zuena alirekodi sauti. Chelagat alikuwa ameiandika filamu hiyo na sasa aliiongoza, ya kwanza kwake baada ya miaka ya kuwashikia wanaume miavuli na kukunja nyaya zao. Kituo kimoja cha televisheni cha Nairobi kilikuwa kimeahidi kwamba filamu hii ikipendeza, mwongozaji wake atapewa nyingine sita. Kwa hiyo maisha yote ya Chelagat yalining'inia kwenye mstari mmoja wa mwisho, ule unaosema imeongozwa na nani.

"Tena," alisema Chelagat.

Zuena akainua mkono. Hedifoni zilikuwa masikioni mwake. "Nani amesema hodi?"

"Hakuna aliyesema."

"Nimesikia. Kule nje, karibu na tangi la maji. Sauti ya mwanamume."

Ngige akacheka hadi maganda ya njugu yakamwagika mapajani. "Zuena, kama uko na njaa sema uko na njaa. Ati hodi! Msichana akipewa mashine anaanza kusikia majini."

Zuena akashusha mkono. Katika kazi ile, mwanamume akisikia kitu kwenye hedifoni, kila mtu husimama. Mwanamke akisikia, huulizwa kama amekula. "Tena," alisema Chelagat, wakaendelea. Mawingu ya mvua yalikuwa yakibadilisha mwanga, kwa hiyo Phelista aliukaribisha mlango mtupu tena na tena, kwa tabasamu lile lile, na kila mara Zuena aliisikia hodi, kwanza pale tangini, kisha uani, kisha barazani, kisha kizingitini kabisa. Mara ya mwisho hakusikia hodi. Alisikia viatu vikivuliwa.

Kabla ya kufungasha, wote walisimama bila kujongea ili Zuena arekodi kimya cha chumba, maana kila chumba kina kimya chake na mhariri hukihitaji kuziba mapengo. Hata Ngige aliacha njugu. Ndani ya kimya kile Zuena alisikia kiti kikivutwa polepole, mtu akiketi, na mtu huyo akishusha pumzi kama aliyefika baada ya safari ndefu. Alivitazama viti vyote. Hakuna kilichokuwa kimesogea.

"Iko sawa?" Chelagat aliuliza.

"Iko sawa," alijibu Zuena.

Chumba cha kuhariria filamu kilikuwa Tuwan, Kitale, juu ya duka la dawa za mifugo. Chelagat alikuwa amezoea harufu ya dawa ya kupe iliyopanda kutoka chini. Juma lile harufu ilikuwa nyingine, ya mahindi yaliyoota ukungu ndani ya gunia. Alipiga deki. Akavuta meza, akachungulia nyuma ya kabati, akashuka kumuuliza mwenye duka kama kuna kitu kimeharibika. Hapakuwa na kitu.

Hodi aliipata siku ya kwanza. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, aliikata. Kesho yake aliikuta mahali pengine, ndani ya mazungumzo ya jikoni yaliyorekodiwa kabla hawajakanyaga Mabanga. Aliikata tena. Alipokichukua kile kimya cha chumba na kukilaza chini ya picha ya Phelista akiosha vyombo, akaongeza sauti kidogo ili ahakikishe hakuna mngurumo wa jenereta, alisikia pumzi, na chini ya pumzi maneno, na akaongeza sauti tena, na tena, mpaka yale maneno yakawa hayatoki kwenye hedifoni pekee bali nyuma ya shingo yake pia, kwa upole wa mgeni asiyetaka kusumbua, yakiuliza, "Mwenyeji wangu ni nani?"

Alimpigia Zuena simu akiwa amesimama katikati ya barabara, kwenye jua.

"Ulimsikia?" alinong'ona.

"Nilimsikia."

"Mbona hukusema?"

"Si nilisema. Mkacheka."

"Mimi sikucheka, Zuena."

"Hukucheka. Ulisema 'tena'."

Chelagat alikata simu. Alirudi juu, akahariri mlango ukiwa wazi na mgongo wake ukiwa ukutani, kwa sababu filamu ilitakiwa Nairobi Ijumaa ya juma lililofuata.

Jumatatu Ngige alikuja kutazama. Alikaa kwenye kiti cha Chelagat bila kuuliza. Hodi ilipolia, kwa maana ilikuwa imerudi yenyewe, alipiga paja.

"Hiyo hodi ni moto, bana! Umeitoa wapi?"

"Ilikuja yenyewe."

"Unaona? Nilikuambia kompyuta itamaliza." Filamu ikafika mwisho, kwenye mstari wenye jina la Chelagat. Ngige akaguna. "Hapo weka langu."

"Wewe hukuongoza."

"Na nani aliongea na Nairobi? Nani alileta gari? Wewe jiandike msaidizi, ni mwanzo mzuri kwa msichana. Chelagat wa Kitale, kwani nani anakujua?"

"Sitaandika."

"Sawa. Kompyuta ni ya kampuni." Akamsukuma kwa kiwiko, akalifuta jina la Chelagat, akaandika la kwake kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kama kuku anayedonoa. Chelagat alikitazama kidole hicho. Alikuwa amesoma miaka minne chuo kikuu ili afutwe na mtu asiyejua herufi iko wapi.

Ngige alipobonyeza herufi ya mwisho, harufu ya ukungu iliondoka chumbani mara moja. Kwenye kona, kiti ambacho hakuna aliyekikalia kililia, kama kinavyolia mtu anapoinuka. Ngige aliteremka ngazi huku akiongea na simu mbili. Chelagat alisikiliza hatua zake zikishuka. Viatu vyake vilisikika vizuri. Nyuma ya viatu kulikuwa na miguu mitupu.

Angeweza kumwita. Alifikiria jambo hilo kwa muda, akalala vizuri usiku ule.

Jumatano simu yake ililia. "Chela," sauti ya Ngige ilikuwa ndogo, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa upole. "Unajua mtu yeyote wa... wa kusoma? Kuna mtu hapa kwangu Matisi. Ongea pole pole, anasikia. Nikipakua chakula kinapoa kabla sijakaa. Kitanda kinabonyea ule upande mwingine. Nimeleta pasta, Chela. Pasta ameomba, na yeye akaitikia amina. Ananiita mwenyeji. Ananiuliza mbona sijamwonyesha pa kunawa."

Alhamisi Zuena aliwapeleka Ngige na Chelagat kwa shangazi yake, Fardosa, aliyeuza madera na mitandio nyuma ya msikiti mjini Kitale na aliyewasomea dua wanawake walioingiliwa na majini. Phelista alifika kutoka Bungoma. Fardosa aliwasikiliza huku akikunja nguo, akafunga mlango wa duka, akasoma, akamtemea Ngige mate mepesi kichwani. Rafu ya mitandio ikatikisika. Harufu ya mahindi mabovu ikajaa dukani, na kutoka kwenye kona isiyo na mtu, sauti ya upole ikaitikia kila dua.

Fardosa akaacha kusoma. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Huyu hakuingia kwa wizi," alisema chini chini. "Mwizi ningemtoa. Huyu alikaribishwa. Nani alimkaribisha?"

"Mimi, Shangazi," alisema Phelista, akilia. "Lakini niliambiwa niseme."

"Mkaribishe mtu ambaye hayuko? Mlangoni? Nyumba isiyo na mwenyewe?" Aliwatazama mmoja mmoja kama watu waliokojoa kisimani. "Nyinyi watu wa kamera hamna adabu kabisa. Nani alikuambia useme?"

Ngige akaruka. "Chelagat! Dairekta ni Chelagat! Aliandika yeye, akaongoza yeye, kila kitu yeye. Muulizeni yeyote! Mimi nilikuwa nakula njugu tu!"

Zuena akacheka, hata mahali pale.

"Na kwa nini basi amekufuata wewe?" Fardosa aliuliza.

Chelagat akasema, "Alikuwa anatafuta mwenyeji. Huyu akaandika jina lake."

Fardosa alitikisa kichwa. "Basi ni hivi. Hilo jina likikaa, atakaa na huyu bwana mpaka mmoja wao afe, na majini hawafi haraka. Ifuteni hiyo filamu yote, lile neno karibu lifutike, atatoka. Mimi nashauri mfute. Au yule aliyeamuru akaribishwe aandike jina lake, amchukue mgeni wake, na hapo asinililie mimi."

"Tufute!" alisema Ngige. "Chela, futa leo. Au andika lako, si ulilitaka? Chukua kompyuta, chukua ufunguo wa chumba, vyote chukua." Akautoa ufunguo mfukoni. Midomo yake ilikuwa na ute mweupe pembeni, na macho hayakuthubutu kugeukia ile kona. Chelagat alimtazama kwa muda mrefu kuliko inavyopendeza kumtazama mtu. Akauchukua ufunguo.

"Chela, usiwe mjinga," Zuena alimnong'oneza nje. "Futa. Tutatengeneza nyingine."

"Nani atatupa nyingine?"

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa, Chelagat alifungua chumba cha Tuwan kabla duka la chini halijafunguliwa. Aliwasha kompyuta. Akalifuta jina la Ngige. Akaandika la kwake, akalisoma, akaliweka sawa katikati ya kioo, akalisoma tena. Halafu akaituma filamu Nairobi na kungoja mpaka ilipofika.

Akasikia miguu mitupu ikipanda ngazi. Haikuharakisha. Harufu ilitangulia, ikapita chini ya mlango, lakini Chelagat hakuinuka wala hakupiga kelele wala hakumpigia Zuena simu ingawa ilikuwa mbele yake, akaiacha miguu ile isimame kizingitini, akaacha hodi ipigwe mara moja, na ya pili, na ya tatu, kama anavyostahili mwenye nyumba yeyote.

"Karibu," alisema. "Lakini hapa ni kazini. Mwongozaji ni mimi. Nikisema kimya, ni kimya."

Nyuma yake kiti kikavutwa. Mtu akaketi, akaanza kushusha pumzi.

"Kimya," alisema Chelagat.

Pumzi ikakatika katikati.

Akamimina chai vikombe viwili, kimoja akakiweka kwenye kona bila kuangalia. Akafungua ukurasa mweupe, akavaa hedifoni, akaanza kuandika filamu ya pili.