Kioo Namba 417

Tone la rangi ya samawati lilimdondokea dada wa maabara begani, juu ya koti jeupe, katikati ya korido ya hospitali iliyojaa watu.

"Samahani, dada! Ni mkono tu, siyo mimi," alisema fundi rangi kutoka juu ya ngazi.

"Na mkono huo ni wa nani?"

"Wako, ukiutaka."

Yule dada wa maabara, aliyeona haya hata kuomba chumvi mezani, alicheka. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vyembamba vya nyama za wagonjwa, kuvitia rangi na kuvibandika juu ya vioo, ili daktari avisome kwa hadubini.

"Kumbe na wewe unapaka rangi!" fundi alimwambia walipokunywa chai. Tangu siku hiyo akamwita Fundi Mdogo.

Walipendana. Walipanga chumba, fundi akaanza kukipaka rangi kabla ya harusi. Kila jioni alipiga simu: "Haya, mpenzi, leo umeona nini?"

"Gegedu la goti, ule mfupa laini. Seli zake hukaa mbili mbili ndani ya kijumba kimoja. Hakuna mshipa wa damu unaofika pale; chakula hupenya polepole. Lakini zinaishi."

"Kama sisi na chumba chetu."

Jioni moja alisimulia mengine. "Leo nimeona msuli, we acha tu. Msuli mzima una mistari, mmoja wa giza, mmoja wa mwanga, kama kitambaa kilichofumwa. Huu nyuzi zimesinyaa, mafuta yamejaa katikati. Kama gunia lililoliwa na panya! Namba 417, maskini. Huyo ngazi atazisahau."

"Upo, laazizi?"

"Nipo." Simu ikakatika.

Vioo havikuwa na majina, namba tu. Hakujua kwamba juma lile fundi, aliyemficha jinsi miguu ilivyomlegea, alikuwa amekatwa kipande kidogo cha msuli wa paja ili kipimwe hospitali ileile.

Kwa siku kumi na tisa alimpigia fundi, simu haikupokelewa.

"Kapata mwingine huyo," shangazi yake alimwambia. "Kamrudishie ufunguo wa chumba, mwanangu, ulale."

Alitoka kazini akaenda kwenye chumba chao. Kuta zilikuwa za samawati hadi kimo cha kifua. Juu bado saruji tupu. Fundi alikuwa ameketi sakafuni kwa kaptura, kovu bichi pajani, ngazi imelazwa kando yake. Dirishani palikuwa na karatasi ya hospitali: 417.

"Ni wewe?" Aliichukua karatasi. "Nami nikakufananisha na gunia..."

"Ulisema na maskini." Hakumtazama. "Daktari amekuja kuniambia yaleyale, kwa maneno ya adabu. Dawa ya kuniponya hakuna. Sasa nikuoe ili unibebe? Weka ufunguo, mama. Nenda."

Fundi Mdogo aliweka mkoba chini. Akavua viatu, akainua ngazi, akaiegemeza ukutani.

"Unafanya nini?"

"Brashi iko wapi?"

"Wewe unaogopa hata stuli!"

"Ndiyo. Kwa hiyo nishikie."

Fundi alijikokota hadi chini ya ngazi, akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Mikono bado ilikuwa na nguvu. Juu yake brashi ilitetemeka, tone likamwangukia begani.

"Samahani," alisema Fundi Mdogo. "Ni mkono tu."

"Na mkono huo..." Fundi alijaribu kutania.

"Wako," alijibu huku akilia, akapanda kidato kimoja zaidi.